Babu Alikwenda Vita Gani?



Hapa kwetu Turiani, na huko juu Mhonda, na mbali katika milima ya Uluguru, zimo nyumba nyingi ambamo babu husimuliwa kwa neno moja tu: "Alikwenda vitani." Ukiuliza, vita gani? wajukuu hutazamana. Mmoja asema Burma, wa pili asema Uhabeshi, wa tatu asema babu alichukua mizigo ya Mjerumani. Na wote watatu wamezaliwa nyumba moja. Nasi twaona si vema iwe hivyo kwa watu tuliopewa amri ya kuwaheshimu wazazi. Maana heshima ya mzee si kumlisha tu akiwa hai. Ni kuzishika habari zake kwa kweli akiisha kutoka duniani.

Tena wakati uliobaki ni mchache. Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule leo angekuwa amekwisha pita miaka mia. Waliobaki ni watoto wao, nao ni wazee. Wakiondoka hao, yataondoka pamoja nao maneno ambayo hayakuandikwa katika kitabu cho chote.

Basi mwezi huu twataka kueleza jinsi tulivyofuata nyayo za babu yetu mzaa baba, na za kakaye, ili kila nyumba ipate njia ya kufuata nyayo za mzee wake.

KWANZA PAMBANUENI VITA

Maneno haya "Vita vya Mjerumani" yana mtego ndani yake, kwa kuwa vita vya Mjerumani vilikuwa viwili.

Vita ya Kwanza ilianza mwaka 1914, ikapiganwa katika nchi hii hii. Mwezi wa Agosti 1916 ilipita mlangoni petu. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipenya milima ya Nguru, yakapigana na Wajerumani huko Matamondo, kisha penye mto Wami, Dakawa, tarehe 17 Agosti; na tarehe 26 Agosti yakaingia mji wa Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma kwa njia za Uluguru mpaka Kisaki, wakiyavunja madaraja nyuma yao. Mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, hakuweka silaha chini hata tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia. Katika vita hiyo watu wetu walikuwa pande zote mbili: askari wa Mjerumani, askari wa Mwingereza, na wapagazi wa wote wawili.

Vita ya Pili ilianza mwezi wa Septemba 1939. Hiyo haikupiganwa Turiani. Vijana walichukuliwa kwenda nchi za mbali. Lakini kwa kuwa nayo ilianza juu ya Wajerumani, wazee wengi waliiita kwa jina lile lile la kwanza. Kwa hiyo msitazame jina la vita, tazameni umri wa mtu. Aliyezaliwa siku za homa kuu ya mwaka 1918 hakuchukua mzigo wa Smuts. Na aliyekwisha kuwa na wajukuu mwaka 1940, si rahisi awe alikwenda Burma.

Mtego wa pili ni huu. Si kila aliyechukuliwa na serikali wakati wa Vita ya Pili alivaa nguo za kiaskari. Wajapani walipozitwaa mwaka 1942 nchi za Asia zitoazo nyuzi za kamba, mkonge wa Tanganyika ulitakiwa sana, na watu wengi walipelekwa kwa amri kufanya kazi mashambani. Basi mzee akisema, "Nilichukuliwa wakati wa vita," yafaa aulizwe, au waulizwe watoto wake, kama alipewa bunduki au panga. Lo lote litakalojibiwa liandikwe, wala lisionewe haya. Aliyekata mkonge kwa amri, mbali na mkewe na shamba lake, naye alitozwa na vita.

SHAHIDI WA KWANZA NI KINYWA

Mambo ya zamani, kama mashauri ya baraza, hutaka mashahidi. Sisi tuliwaita watatu: kinywa, vitu, na maandiko. Wala hatukumwamini mmoja wao peke yake.

Tulianza kwa shangazi zetu, dada zake baba. Tulimwuliza kila mmoja peke yake, maana watu wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa huwapa wengine kumbukumbu zake. Tena hatukuuliza, "Je, babu alifika Burma?" kwa kuwa swali la namna hiyo limekwisha kubeba jibu lake, na mzee kwa adabu ataitikia. Tuliuliza: Alikula nini huko? Alipanda meli kutoka bandari gani? Palikuwa na baridi au joto? Aliona watu wa namna gani? Alirudi mwezi wa kulima au wa kuvuna, na nani alimpokea njiani?

Maswali madogo hayo yalitoa mambo makubwa. Mvua ya masika ilipokuwa haikatiki, babu alizoea kusema, "Hii ni Kabau." Nyumbani neno hilo lilikuwa mzaha, watoto walidhani ni neno la kiaskari la kutaja matope. Shangazi mmoja akakumbuka kuwa babu alikaa kwanza "Seloni", akala samaki na wali mpaka akachoka. Mwingine akakumbuka kuwa alirudi mwaka 1946, na kwamba hakupenda kuulizwa habari za mto mkubwa. Tukayaandika yote kama yalivyosemwa, bila kuyatengeneza.

Wala msidharau ukumbusho wa mwili. Husimuliwa kwamba Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipotaka, mwaka 1964, kuwalipa wazee waliokuwa askari wa von Lettow, wengi walikuja Mwanza bila cheti. Mwenye kulipa akampa kila mmoja fagio, akamwamuru kwa Kijerumani kuishika kama bunduki; na wale wazee, baada ya miaka karibu hamsini, walijua la kufanya. Basi ikiwa babu yenu aliamka alfajiri akakunja blanketi kwa namna moja siku zote, au aliwahesabu mbuzi kwa maneno ya kigeni, liandikeni nalo.

SHAHIDI WA PILI NI VITU

Katika sanduku la bati la babu tulikuta cheti cha kuachishwa jeshini, kimeliwa na mende upande mmoja, na nishani mbili za nyota zenye ncha sita.

Nishani za Kiingereza za Vita ya Pili kwa kawaida hazikuchorwa jina la mtu. Lakini nyota imechorwa jina la vita vyake, na utepe wake una rangi zake. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu nzito pande mbili na nyekundu katikati, na katika kila buluu umepita mstari wa rangi ya chungwa. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Hiyo walipewa hata waliopigana na Waitalia katika Somalia na Uhabeshi. Kwa hiyo nyumba ambayo haina karatasi hata moja, ikiwa na kipande cha utepe, bado ina ushahidi.

Cheti ni bora kuliko nishani, maana kina namba ya mtu na namba ya kikosi. Majina ya watu hufanana, nayo makarani wa jeshi waliyaandika kama walivyoyasikia: mtu mmoja aweza kuwa na R mahali penye L, au kuandikwa kwa jina la babaye, au la kabila, na jina la ubatizo lisionekane kabisa. Lakini namba ni yake peke yake. Mwenye namba ameshika kamba. Mwenye jina tu ameshika uzi.

Neno moja la kuonya. Wapo wanunuzi wapitao wakitafuta nishani za wazee. Fedha yao huisha kwa juma moja, na ushahidi wa nyumba umekwenda zake.

SHAHIDI WA TATU NI MAANDIKO

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hata kwa watu.

Daftari lililo karibu nasi ni lile la ubatizo. Misioni ya Mhonda ilianzishwa mwaka 1877, ya Morogoro mwaka 1882, ya Matombo mwaka 1897. Na desturi ya misioni ni kuandika jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake, na baadaye ndoa yake. Hapo ndipo tulipopata mwaka wa babu na jina kamili la babaye. Enendeni kwa Padre kwa heshima, mkiwa na majina yaliyoandikwa tayari, wala msidai kufunguliwa vitabu siku ya Jumapili.

Kisha tukaitazama namba ya kikosi. Babu alikuwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, na cheti chake kilitaja kikosi cha 36. Tujue basi kwamba vikosi vya Tanganyika havikwenda mahali pamoja. Kikosi cha 6 kilipigana Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1942 kikapelekwa Bukini, ndiyo Madagaska. Vikosi vya 26 na 36 viliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vikapelekwa kwanza Ceylon, kisha Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Katikati ya mwaka 1944, wakati wa mvua kubwa za nchi ile, Divisheni hiyo ilishuka kwa miguu katika bonde lenye matope na homa, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Nao waliuvuka mwezi wa Desemba huko Kalewa, ambako palijengwa daraja la kuelea lenye urefu wa futi 1,154. Na jina la bonde lile ni Kabaw.

Hapo wajukuu tulinyamaza. Neno la mzaha la miaka sitini lilikuwa jina la mahali. Seloni ilikuwa Ceylon, na mto asiopenda kuulizwa ulikuwa Chindwin. Kinywa, kitu na andiko vilikuwa vimesema neno moja.

Anayetaka kuendelea mbele zaidi, yamo madaftari ya vikosi vya Keya katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew. Hayo si kawaida yake kumtaja askari mmoja mmoja, lakini yaonyesha kikosi kililala wapi na kilipigana siku gani. Kwetu nyumbani, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, huhifadhi majalada ya serikali ya Kijerumani na ya Kiingereza.

Tusidhani kuwa kazi hii ni ya wageni tu. Katika kitabu cha maisha ya Watanzania alichokisimamia John Iliffe, kilichotolewa mwaka 1973, imo habari ya Kleist Sykes, nayo iliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku. Baba yake Kleist aliletwa na Wissmann kutoka pande za Msumbiji kuwa askari. Kleist mwenyewe alikuwa askari wa Mjerumani katika Vita ya Kwanza, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Waafrika huko Dar es Salaam, mwaka 1929. Na wanawe Abdulwahid na Ally waliingia Keya katika Vita ya Pili. Mjukuu alipata mengi kwa sababu babu aliacha maandishi ya maisha yake. Laiti wazee wetu nao wangaliandika! Lakini ambao hawakuandika, ni juu yetu kuwaandikia.

HABARI YA YULE ALIYENGOJEWA

Kakaye babu, ambaye sisi twamwita babu mkubwa, alikwenda jeshini mwaka 1942, akaacha mke na mtoto wa kike mchanga. Hakurudi. Hapo kwanza ilisemekana kuwa amefungwa na Wajapani. Kisha, miaka ilipopita, yakazuka maneno mabaya: ameoa Mombasa, amewasahau watu wake. Mkewe hakupokea maneno hayo wala hakuyakataa. Alikataa kuolewa na mume mwingine, akafa bila kujua kama alikuwa mke au mjane. Bintiye alikua akiitwa mtoto wa aliyetoroka.

Lakini mama yule alihifadhi kitu kimoja: kikaratasi cha fedha ya mwezi ambayo askari aliiacha ikatwe katika mshahara wake ili jamaa wapewe bomani. Juu yake palikuwa na namba. Mjukuu mmoja akaitafuta namba ile katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo wazi katika intaneti kwa kila mtu, bila malipo. Majina ya kufanana na lake yalikuwa matatu. Namba ilikuwa moja. Alikuwa askari wa mizinga, na siku ya kufa kwake ni tarehe 12 Februari 1944.

Siku hiyo yajulikana. Meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikiwachukua askari kwenda Colombo, wengi wao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu na visiwa vya Maldives manowari ya Wajapani iliipiga kutoka chini ya maji, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Kaburi hawana, majina ya askari wetu waliozama yameandikwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Tulimpelekea shangazi habari ile nyumbani kwake. Alikuwa amekwisha pita miaka themanini. Tulimsomea jina la babaye, na namba, na siku. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama maji ya bahari ile ni ya baridi. Tukamwambia, la, bahari ile ni ya joto. Akasema, "Basi hakututoroka." Jumapili iliyofuata jina la baba yake na la mama yake yaliandikwa pamoja katika daftari la Misa za marehemu, la mume na la mke, mstari mmoja.

Wasomaji, msiseme kwamba mambo haya ni ya zamani na hayana faida. Mtu mmoja aliishi miaka themanini chini ya neno la uongo, na kikaratasi kimoja kikamwondolea.

WALE WASIOANDIKWA

Yatupasa kusema pia kwamba si kila atafutaye ataona. Wapagazi wa Vita ya Kwanza, ambao kwa ajili yao pako mahali paitwapo Kariakoo huko Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na homa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa majina. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ukumbusho wao pamoja na askari, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 1968 makaburi ya Vita ya Kwanza yalipohamishwa mjini humo ili barabara ipite, waliokuwa katika viwanja vya Waafrika walizikwa tena kwa pamoja, kwa sababu kaburi la kila mmoja halikuwa limetiwa alama. Na mwaka 2021 Tume ile ile ya Makaburi ilikiri kwa maandishi kuwa watu wasiopungua 116,000 wa Vita ya Kwanza, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Basi ikiwa mzee wenu hamkumwona katika orodha, msidhani kuwa hakwenda, wala kwamba alikuwa mtu wa bure. Daftari ndilo lililopungua, si yeye. Nyumba ya namna hiyo ndiyo ipasayo zaidi kuandika yenyewe.

Tena angalieni wadanganyifu. Akija mtu akisema, "Nipeni fedha nifungue jalada la babu yenu, mtalipwa malimbikizo kutoka Ulaya," mwepukeni. Orodha ile tuliyoitaja husomwa bure, na mtoto yeyote wa sekondari mwenye simu aweza kuwasomea.

LA KUFANYA MWEZI HUU

Akina baba na akina mama, nunueni daftari moja la nyumba. Ukurasa wa kwanza andikeni jina la mzee, la babaye na mamaye, kijiji chake, na mwaka wa ubatizo. Ukurasa wa pili andikeni maneno ya kila shahidi, pamoja na jina la shahidi na siku aliyosema. Karatasi za kale zitieni katika bahasha kavu, mbali na moshi na mchwa, na kila moja ipigwe picha, isije ikawa ni moja tu duniani. Lisilo hakika liandikwe kuwa si hakika. Maana uongo ulioandikwa vizuri hudumu kuliko ule wa kinywa.

Walimu, wapeni watoto wa madarasa ya juu kazi ya likizo: kila mmoja alete mistari kumi kutoka kinywa cha mzee aliyemzidi wote nyumbani, habari za nduguye aliyekwenda vitani, au mkongeni, au aliyebaki akalima peke yake wengine walipokwenda. Someni darasani, kisha zirudisheni nyumbani zihifadhiwe.

Anzeni kwa yule mzee ambaye afya yake ni dhaifu kuliko wengine. Msingoje mavuno.